Meno Yanayosafiri: Kinachopungua Bei Ng'ambo na Kisichopungua

Kila majira ya baridi, wastaafu wa Marekani na Kanada huegesha magari yao Andrade, kwenye pembe ya kusini-mashariki ya jimbo la California, katika uwanja mpana wa maegesho unaoendeshwa na kabila la Quechan, kisha huvuka mpaka kwa miguu na kuingia Los Algodones, mji wa Mexico wenye wakazi elfu chache na madaktari wa meno wanaohesabiwa kwa mamia. Mitaa iliyo karibu na kituo cha mpaka imejaa mabango ya kliniki, maduka ya dawa na maduka ya miwani, na wapiga debe husimama kando ya njia wakiwauliza wapita njia kama wana jino linalowasumbua. Mji huo umebandikwa jina la Mji wa Magego. Aliyeingia asubuhi na jino lililovunjika anaweza kurudi kwenye gari lake jioni akiwa na kofia mpya ya jino, yaani ganda gumu linalofunika jino lote, mdomoni, na alicholipa mara nyingi ni nusu, au chini ya nusu, ya alichotajiwa nyumbani.

Los Algodones ni sura moja tu ya biashara ambayo siku hizi huitwa utalii tiba. Mpaka kati ya Austria na Hungaria ulipofunguka mwaka 1989, Waaustria walianza kuuvuka kwenda kutengeneza meno katika miji ya Sopron na Mosonmagyaróvár, iliyo karibu na mpaka huo, na baadaye Wajerumani, Waswisi na Waingereza wakawafuata, wengi wao kwa ndege hadi Budapest. Istanbul na Antalya, miji ya Uturuki, zimejipatia wateja kutoka karibu Ulaya nzima. Waaustralia huelekea Bangkok, na Wamarekani wasiopenda Mexico huenda San José, mji mkuu wa Costa Rica. Ukizitazama njia hizi kwenye ramani, utaona jambo moja likijirudia: upande mmoja kuna nchi yenye mishahara mikubwa ambayo mfumo wake wa afya hauyalipii meno ya mtu mzima ipasavyo, na upande wa pili kuna nchi yenye madaktari wengi wa meno waliosoma vizuri na wanaolipwa kidogo kuliko wenzao.

Kabla ya kuuliza kama safari hizo zina faida, inafaa kuuliza kwa nini ni meno. Watu hawafungi safari kwa wingi namna hii kwenda kutibiwa nimonia. Sababu ni ya kihistoria kuliko kitabibu: kinywa kilitengwa na mwili mapema mno. Chuo cha kwanza cha udaktari wa meno duniani kilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1840, nje ya shule za udaktari wa kawaida, na tangu hapo taaluma hizo mbili zimekwenda kila moja na njia yake, vyuo vyake, leseni zake na, hatimaye, bima zake. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, meno yalitibiwa bure. Miaka mitatu tu baadaye serikali iliamua kutoza ada kwa meno ya bandia na miwani, na Aneurin Bevan, waziri aliyeiasisi huduma hiyo, akajiuzulu kwa kupinga uamuzi huo. Bima ya wazee ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1965, iliyaacha nje karibu matibabu yote ya kawaida ya meno. Australia ilifanya vivyo hivyo katika bima yake ya taifa ya mwaka 1984, na Kanada, nchi inayojivunia kumtibu kila raia bila malipo, ilisubiri hadi mwaka 2024 ndipo mpango wake wa kitaifa wa meno ulipoanza kulipia huduma, tena kwa wasio na bima nyingine ya meno na wenye kipato kisichozidi kiwango kilichowekwa. Kwa hiyo mtu aliyekatwa fedha za bima maisha yake yote anaweza kugundua, akiwa na miaka 60, kwamba bima hiyo inamtibu kila mahali isipokuwa kati ya midomo na koo.

Sasa tuje kwenye bei. Imani iliyoenea ni kwamba nafuu inatokana na vifaa hafifu. Inawezekana ikawa hivyo katika kliniki fulani, lakini kama maelezo ya jumla haishiki. Titani ya kipandikizi (skrubu inayopandwa kwenye mfupa wa taya ili ibebe jino la bandia), tofali za zirkonia, aina ya kauri ngumu, zinazochongwa kuwa kofia za meno, mashine za kuzichongea na hata dawa ya ganzi huuzwa katika soko la dunia, na daktari wa Budapest huzinunua kwa bei isiyotofautiana sana na ile anayolipa mwenzake wa Zurich, Uswisi. Kinachotofautiana ni vile visivyovuka mpaka: mshahara wa daktari, wa muuguzi wake na wa fundi wa maabara anayetengeneza meno, kodi ya jengo, bima ambayo daktari hukata ili kujikinga na kesi za wagonjwa, na, katika nchi kama Marekani, deni la masomo ambalo daktari hulipa kwa miaka mingi baada ya kuhitimu. Mkusanyiko huo ndio sehemu kubwa ya ankara. Kinyozi wa Zurich naye ni ghali kuliko wa Budapest, wala hakuna anayedhani kwamba mkasi wa Budapest ni butu.

Kuna na jambo la pili, nalo ni wingi. Kliniki inayotengeneza kofia za meno kutwa nzima, yenye maabara yake ghorofa ya chini na mafundi wake wa kudumu, hupunguza gharama kwa kila jino na pia hupata mazoezi ambayo daktari wa mtaani, anayefanya kazi ya aina hiyo mara chache kwa mwezi, hayapati. Ndiyo maana tofauti ya bei ni kubwa katika kazi zinazokula saa nyingi za mikono, kama vile vipandikizi, madaraja (meno ya bandia yaliyounganishwa kuziba pengo) na kofia nyingi kwa pamoja, na ni ndogo katika kuziba tundu moja au kusafisha ugaga. Nauli na malazi havibadiliki sana mgonjwa akitengeneza jino moja au kumi na mawili. Kwa jino moja, safari huweza kumeza akiba yote. Kwa taya zima, hata baada ya kulipa hoteli, mgonjwa hubaki na fedha nyingi mfukoni.

Mpaka hapo hesabu inawapendelea wanaosafiri, na sioni sababu ya kuwabeza kama wanavyobezwa. Tatizo huanzia kwenye kitu ambacho hakimo katika orodha ya bei kwa sababu hakiuziki kwa siku: muda. Matibabu makubwa ya meno ni mfululizo wa ziara, na kati ya ziara moja na nyingine mwili ndio unaofanya kazi, kwa kasi yake wenyewe, bila kujali tarehe ya tiketi.

Kipandikizi ndicho mfano ulio wazi zaidi. Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua katika miaka ya 1950, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, kwamba titani haikataliwi na mfupa bali hushikana nao kiasi cha kutoweza kung'oka, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza skrubu za titani kwenye taya. Mbinu hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Tumchukue mtu aliyepoteza gego moja la chini. Daktari humchoma sindano ya ganzi, huufungua ufizi, kisha huutoboa mfupa wa taya kwa keekee inayozunguka polepole huku ikimwagiwa maji ya chumvi baridi bila kukoma, kwa sababu mfupa uliopashwa hadi nyuzi 47 kwa dakika moja tu huanza kufa, na mfupa uliokufa haushikani na kitu. Skrubu huingizwa, ufizi hushonwa, na kazi ya siku hiyo huisha, pengine kwa muda usiofika saa moja. Baada ya hapo hakuna kinachoonekana kwa miezi 3 hadi 6, wakati chembe za mfupa zinaikumbatia titani. Ndipo mgonjwa arudi kuwekewa jino lenyewe juu ya skrubu. Kama mfupa wake ulikuwa umepungua na ukahitaji kuongezwa, miezi mingine hujipanga mbele ya hiyo.

Kwa hiyo kipandikizi cha ng'ambo kwa kawaida ni safari mbili, na wakati mwingine tatu. Matangazo yanayoahidi meno kwa siku moja si lazima yawe ya uongo, kwani mbinu ya kufunga meno juu ya vipandikizi siku ileile ipo na huwafaa baadhi ya wagonjwa, lakini kinachofungwa siku hiyo huwa ni daraja la muda, ambalo mgonjwa hulitumia kwa uangalifu hadi mfupa upone ndipo awekewe la kudumu. Aliyepiga hesabu ya safari moja atashangaa kuambiwa arudi, na asiyerudi atakuwa anatafunia kwa kudumu kitu kilichotengenezwa kwa miezi michache.

Meno ya urembo yana mtego wa aina nyingine, na hapa ningependa kutua kidogo, maana ndiko wanakoumia vijana wenye meno mazima. Vinia ni ganda jembamba la kauri linalogundishwa kwenye uso wa mbele wa jino. Ili likae, daktari hukwangua sehemu ndogo ya enameli, tabaka gumu la nje la jino, kwa kawaida chini ya milimita moja, na pengine hakwangui kabisa. Kofia, ambayo wengine huiita taji, hulifunika jino lote, na ili ienee jino husagwa pande zote na juu hadi libaki kijiti kilichochongoka, sehemu kubwa ya mwili wake ikiwa imekwenda na maji. Kwa jino lililooza au kuvunjika hayo ni matibabu ya haki, kwa sababu jino hilo lilikuwa limeshaharibika. Kwa jino zima la kijana wa miaka 25 ambaye alitaka tu meno meupe yaliyonyooka, ni hasara isiyofidika: enameli haioti tena, na neva iliyo ndani ya jino lililosagwa wakati mwingine hufa polepole, miezi au miaka baadaye. Malalamiko mengi ya vijana waliorudi na tabasamu jipya hayahusu kofia zilizotengenezwa vibaya. Yanahusu neno: waliambiwa vinia, wakawekewa kofia, na tofauti wakaijua walipoona picha ya vijiti. Chama cha madaktari wa meno cha Uingereza kimelionya umma waziwazi juu ya safari za aina hiyo.

Hata kofia zikiwa nzuri, hesabu yake ni ndefu kuliko risiti. Kofia hudumu, kwa makadirio ya kawaida, miaka 10 hadi 15, nyingine zaidi. Aliyefunikiwa meno 20 akiwa na miaka 25 atayabadilisha akiwa na takriban miaka 40, tena 55, tena 70, na kila awamu hukuta jino dogo zaidi la kushikilia. Bei aliyolipa mara ya kwanza ilikuwa kianzio tu.

Meno 20 yakitengenezwa ndani ya siku 5 kuna jambo jingine linalorukwa, nalo ni namna ya kuuma. Taya la juu na la chini hukutana kwa vipimo ambavyo misuli imevizoea tangu utotoni, na kofia iliyozidi urefu kwa sehemu ya kumi ya milimita mgonjwa huihisi. Daktari asiye na haraka humvalisha meno ya muda, humwacha ale na alale nayo wiki kadhaa, hurekebisha, ndipo afunge ya kudumu kwa gundi isiyobanduka. Wiki hizo ndizo za kwanza kukatwa mgonjwa anapokuwa na ndege Jumamosi.

Matatizo nayo yana ratiba yake, na ratiba hiyo haifanani na ya safari. Kidonda cha jino lililong'olewa kinapopoteza donge la damu na kuacha mfupa wazi, maumivu makali huja baada ya siku 2 au 3, yaani wakati wengi wako uwanja wa ndege. Aliyeinuliwa sakafu ya sainasi, uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa taya la juu kando ya pua, ili apate mfupa wa kutosha juu ya magego hutakiwa kukaa mbali na mabadiliko ya shinikizo la hewa kwa muda ambao daktari wake ataupanga, na ndani ya ndege mabadiliko hayo hayaepukiki. Neva iliyokufa chini ya kofia hujitangaza kwa jipu na usaha baada ya miezi au miaka. Uvimbe wa fizi unaokula mfupa kuzunguka kipandikizi huchukua miaka, nao hugunduliwa mapema na mtu anayekitazama kipandikizi hicho mara kwa mara, na hilo halifanyiki kwa simu.

Ndipo mgonjwa anapokwenda kwa daktari wa nyumbani, na mara nyingi hushangaa kukuta hapokewi kwa mikono miwili. Si husuda ya kukosa kazi, au si hiyo peke yake. Anayeigusa kazi ya mwenzake huirithi: kofia ikivunjika wakati wa kuifungua, mgonjwa atamdai yeye, ilhali hajui chini yake kuna nini, gundi ni ya aina gani, wala jino lilikuwa katika hali gani kabla ya kusagwa. Kwa vipandikizi kuna kikwazo cha kifundi kinachochekesha mpaka kikupate: duniani kuna mamia ya aina za vipandikizi, na bisibisi ya aina moja mara nyingi haiingii kwenye skrubu ya aina nyingine. Jino hulegea, kazi ya kulikaza ni ya dakika 10, na hakuna kliniki mjini yenye bisibisi hiyo.

Dhamana inayotolewa na kliniki hufuta sehemu tu ya wasiwasi huu. Dhamana ya miaka 10 ikisomwa mpaka mwisho, kwa kawaida huahidi kutengeneza upya kofia au kipandikizi bila malipo. Nauli, hoteli, siku za kazi zilizopotea na ankara ya daktari mwingine aliyetuliza maumivu usiku hazimo. Mara nyingi pia ina sharti kwamba mgonjwa awe amehudhuria uchunguzi wa kila mwaka katika kliniki hiyohiyo, sharti jepesi kwa jirani na zito kwa msafiri. Kesi nayo, kwa kawaida, hufunguliwa kule matibabu yalikofanyika, kwa lugha ya kule na kwa kufuata sheria ya kule.

Ndani ya Umoja wa Ulaya mgonjwa ana haki moja ya ziada. Agizo namba 2011/24, ambalo nchi wanachama zilitakiwa kuliingiza katika sheria zao kufikia Oktoba 2013, linamruhusu raia kutibiwa katika nchi nyingine mwanachama na kurudishiwa na mfuko wake wa bima ya afya kiasi ambacho angelipiwa nyumbani. Haki hiyo ni ya kweli, ila kwa meno huishia kuwa nyembamba, kwa sababu ileile iliyomfungisha safari: kama mfuko wa nyumbani haulipii vipandikizi, basi kiasi cha kurudishiwa ni sifuri.

Je, mgonjwa anatofautishaje kliniki moja na nyingine akiwa maelfu ya kilomita mbali? Tovuti nzuri haimwambii kitu. Jina la daktari, si la kliniki, ndilo linalotafutika: nchi nyingi zina rejista ya madaktari wa meno ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua, na kliniki isiyotaja ni nani hasa atakayeshika keekee imekwishajibu swali ambalo halijaulizwa. Inafaa pia kujua anayejibu ujumbe ni nani, maana katika miji ya biashara hii wengi wanaojibu ni mawakala wanaolipwa kwa kila mteja. Wakala huomba picha ya tabasamu iliyopigwa kwa simu, na baada ya saa moja hurudisha mpango: kofia 20, siku 5, uhamisho kutoka uwanja wa ndege umo. Picha hiyo haioni uozo uliojificha kati ya jino na jino, haioni mzizi wenye usaha, wala haipimi kina cha mfupa. Mpango unaotolewa kabla ya eksirei ni ankara tu. Kliniki makini huomba eksirei ya taya lote, hutoa makadirio yenye tahadhari, na husema wazi kwamba yanaweza kubadilika baada ya uchunguzi wa ana kwa ana. Jibu lao huchelewa kidogo na halipendezi.

Ukiyaweka yote haya pamoja, inaonekana kwamba safari humfaa zaidi mgonjwa wa aina fulani: mwenye kazi kubwa ambayo angeihitaji popote pale, anayeweza kurudi mara ya pili na ya tatu bila kufilisika, ambaye fizi zake zimeshatibiwa, na ambaye ana daktari nyumbani aliyekubali mapema kumtazama akirudi. Mtu anayeuvuka mpaka kwa miguu na kurudi jioni yuko karibu sana na hali hiyo, na kwa sababu hiyo mstaafu wa Andrade na kijana anayekwenda Antalya kufunikiwa meno mazima, ingawa wote huitwa watalii wa meno, hawafanyi kitu kimoja. Kwa mvutaji sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa za jamii ya bisfosfoneti, ambazo huweza kuufanya mfupa wa taya usipone baada ya kung'olewa jino, uamuzi huo ni wa kuzungumza na daktari anayeijua historia yake nzima, si na wakala. Na mwenye fizi zinazotoka damu akae nyumbani kwanza azitibu, kwani kipandikizi kwenye kinywa chenye ugonjwa wa fizi ni nguzo iliyosimikwa kwenye tope.

Anayekwenda, na arudi na faili. Kila pakiti ya kipandikizi huja na vibandiko vidogo vyenye jina la mtengenezaji, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Kimoja hubandikwa kwenye jalada la kliniki na kingine ni haki ya mgonjwa, pamoja na eksirei za kabla na baada, rangi ya kauri iliyochaguliwa na aina ya gundi. Kibandiko hicho ni kidogo kiasi kwamba huachwa juu ya meza mgonjwa akikimbilia teksi. Bila hicho, daktari wa nyumbani huanza kwa kupiga eksirei na kulinganisha umbo la skrubu na picha za aina nyingine nyingi, na akishindwa kuitambua, huenda jino lililokuwa limelegea tu likahitaji kipandikizi kichimbwe na kuwekwa upya.